Njahi za Mama Karimi

Kama gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa cha kuanguka kwangu, lilikwenda kufungia sukari dukani kabla hujalisoma, nitakusimulia kwa ufupi, kisha tuendelee kuanguka pamoja.

Mimi ni Bundi. Nilikuwa mwalimu asiye na cheti katika shule moja upande wa Kanyakine, nikafukuzwa kwa sababu ya shairi nililomsomea mwalimu mkuu mbele ya wazazi. Sikuomba msamaha. Nikaja hapa Chogoria, mji ulio miguuni mwa mlima, nikawa mpagazi. Nabeba mizigo ya watu wanaopanda Mlima Kenya kwa starehe.

Nampenda Karimi, binti wa pekee wa Mzee Ishmael. Nilipokwenda kumwomba, mzee aliniambia usoni, "Binti yangu simpi punda. Siku utakayotangulia mbele ya wageni badala ya kuwafuata nyuma na gunia, njoo tuongee." Baadaye kidogo Karimi akapelekwa Kianjokoma kwa mama yake mdogo, kujifunza ushonaji. Tangu hapo sikumwona tena.

Wiki jana niliachia pale Muthamia, mkuu wa waongozaji, aliponiita kando Jumapili asubuhi. Mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa ameamka na homa. Wageni sita kutoka Nairobi walikuwa wanafunga kamba za viatu, na chakula chao cha njiani hakikuwepo.

"Mwalimu," Muthamia aliniambia, maana hapa wote huniita hivyo wakitaka kunichoma, "nitafutie chakula ambacho mtu anaweza kula akiwa amesimama kwenye mvua. Ukinifikia pale kwenye kizuizi cha msitu kabla gari halijaondoka, leo hubebi gunia. Unatangulia mbele."

Mbele. Neno lenyewe alilolitaka Mzee Ishmael.

Nikashuka mjini mbio.

Mji wetu siku ya Jumapili hufungwa kama mdomo wa shahidi. Watu wote wako kanisani. Nilimkuta Salesio peke yake nje ya hoteli yake, anamwaga maji ya kudekia.

"Salesio, chapati."

"Chapati zimeokoka. Zitarudi baada ya ibada."

"Nina haraka, bwana. Wageni sita. Kitu cha kubeba."

"Kuna supu."

"Supu nitaibeba na nini?"

"Si wewe ni mshairi? Ibebe kwa maneno."

Akacheka mpaka ndoo ikamponyoka. Siku nyingine ningemjibu kwa beti mbili ambazo angezikumbuka mpaka uzeeni. Nilimwacha.

Kibanda cha pili kilikuwa na mandazi ya juzi. Nilibana moja, halikubonyea. Mwenye kibanda akaniambia wateja wake huyachovya kwenye chai. Huko juu, nikamwambia, chai itatoka wapi? Akasema basi wayachovye kwenye mvua. Mwenye bucha aliniambia atawasha moto wa kuchoma saa sita. Mama wa mahindi alikuwa kwenye kwaya.

Nilisimama katikati ya barabara. Gari la wageni lilipita likielekea msituni, na Mithika, mpagazi mwenzangu, akanipungia mkono kutoka juu ya mizigo kama mtu anayeaga maiti.

Hapo ndipo nilipoona moshi.

Ulikuwa unatoka kwenye boma la Mzee Ishmael, chini ya mashamba ya chai. Moshi wa moto mkubwa, wa chungu. Jumapili! Mtaa mzima unajua kwamba mama yake Karimi, Jedidah, hajawahi kukosa ibada, hata mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini leo yuko nyumbani anapika. Mimi niliona bahati. Nikajiambia, mama mkwe hawezi kuninyima.

Alikuwa jikoni, kibanda kilicho mbali kidogo na nyumba, ameketi kwenye kigoda anaponda kwa mwiko ndani ya chungu cha udongo.

"Muga, Mama," nikasalimu.

Mwiko ukasimama.

"Bundi."

"Ndiyo, Mama."

Alinitazama viatu. Akanitazama mikono, kama mtu anayetafuta nilichobeba. Sikuwa nimebeba kitu.

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Umekuja kwa sababu gani?"

"Chakula, Mama."

Moto ulitoa sauti ya kuni mbichi.

"Chakula," akasema.

"Cha kubeba. Leo napanda mlima, na siendi na gunia, Mama. Natangulia mbele. Unakumbuka alivyosema Mzee? Mbele kabisa."

"Chakula tu? Hakuna kingine unachotaka kuuliza katika boma hili?"

Nilidhani anataka nimuulize habari za Karimi. Nikaona haya, na nikajivunia haya hiyo. Mimi ni kijana mwenye adabu. Habari za binti haziulizwi kwa mama yake jikoni.

"Mengine nitamwambia Mzee nikirudi," nikasema. "Leo chakula tu."

Alisimama. Akakisukuma chungu kwa mguu, kikasogea mpaka kwangu.

"Chukua."

"Kidogo tu, Mama, cha watu sita."

"Chukua chote. Usibakishe."

"Chote?"

"Si umekuja kula? Chukua!"

Nikaona ukarimu. Nawaandikia hivi nilivyoona, sio hivi ilivyokuwa.

Ndani ya chungu kulikuwa na njahi, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe, zimepondwa laini. Msomaji wa Meru na wa Embu tayari ameshika kichwa. Wa kwingine avumilie kidogo.

Nilikwenda migombani nikakata majani, nikayapitisha juu ya moto wake yalainike, nikafunga njahi vifurushi vifurushi na kuvifunga kwa kamba za mgomba. Kazi ilitoka safi. Chakula kama hicho mtu angekitia mfukoni akakila kileleni. Na muda wote huo nilikuwa naongea. Nilimweleza kuhusu kazi mpya. Nilimweleza kwamba wazee wangu watakuja kabla ya mvua ndefu. Alikuwa amenipa mgongo. Hakugeuka.

"Mnarudi lini?" akauliza, uso ukutani.

"Katikati ya wiki."

"Hata huko juu Mungu yuko," akasema.

Nikasema amina.

Nilifika kwenye kizuizi jasho likinitiririka, gari likiwa limewashwa. Muthamia alivihesabu vifurushi kwa macho, akakinusa kimoja, akatikisa kichwa polepole kukubali. Kisha, mbele ya wapagazi wote, akanipa fimbo yake ya kutembelea.

"Mwongozaji," akasema.

Wale jamaa walipiga makofi. Mithika alipiga goti kama mbele ya chifu. Na mimi, kwa kuwa nina ugonjwa wangu, nikapanda juu ya jiwe nikasoma ubeti nilioutunga njiani:

Chungu chako ewe mama, kinapanda kileleni,
Nimekibeba kwa hima, joto lake kifuani,
Waliodhani nazama, wanitazame njiani,
Leo mkweo nasema, Karimi yu mikononi.

"Rudia hiyo ya mwisho!" Mithika akapiga kelele. Alikuwa ameshafungua kifurushi kimoja, kwa sababu Mithika hajawahi kupewa kitu akakiacha kimefungwa. Akachovya kidole. Akalamba.

Akaacha kucheka.

"Mwalimu. Hizi njahi umezitoa wapi?"

"Hukusikia shairi? Kwa mama mkwe."

"Hazina hata punje ya mahindi. Na zimepondwa na ndizi mbivu."

"Ni mpishi hodari."

"Bundi." Hakuniita mwalimu. "Hiki ni chakula cha mwanamke aliyejifungua."

Sasa msomaji wa kwingine aelewe. Kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa njahi. Zinarudisha damu, zinaleta maziwa. Watu hula njahi siku nyingine pia, na mahindi, na viazi, na chochote kilichopo. Lakini zikipondwa laini namna ile, na ndizi mbivu ndani yake, hakuna Mmeru anayeuliza ni za nini. Anauliza tu ni mvulana au msichana. Mimi mwenyewe nilizipeleka kitandani kwa mama yangu, dada yangu Makandi alipozaliwa. Nilizijua. Nilitazama ndani ya chungu kile nikaona chakula cha wageni.

"Nani amejifungua kwa Ishmael?" mpagazi mmoja akauliza. "Jedidah?"

"Na zile mvi?" Mithika akasema. "Basi huyo ni Sara wa Biblia!"

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, nakumbuka vizuri. Kisha kicheko kikaanza kukatika, mtu mmoja mmoja, kila mmoja akimaliza kupiga hesabu. Boma lile lina wanawake wawili. Jedidah na binti yake.

Nitaandika jambo moja kwa sababu najua mtaniuliza. Sijawahi kulala na Karimi. Tulishikana mikono baada ya mazoezi ya kwaya. Mara moja alinifunga kifungo cha koti. Ni hivyo tu.

Nilingoja hasira. Mimi hasira yangu huwa haichelewi, ndiyo iliyonifukuzisha kazi. Nilisimama juu ya lile jiwe nikiingoja, haikuja. Niliona kwamba mgeni mmoja ana soksi za rangi mbili. Niliona kamba ya mzigo imefungwa vibaya. Mikono yangu ilikuwa imeshika fimbo lakini sikuisikia fimbo.

Nikashuka, nikaanza kukusanya vifurushi.

"Unafanya nini?" Muthamia akauliza.

"Navirudisha."

"Wageni watakula nini?"

"Sijui."

"Kijana, sikiliza. Mwanamke ameshazaa. Ukishuka hutamrudisha alivyokuwa. Panda mlima, ulie huko juu, hakuna mtu atakayekusikia."

"Kuna mzazi hajala," nikasema. "Chakula chake ninacho mimi."

Sikuwa na wazo jingine kichwani. Nimetafuta tangu siku ile kama kulikuwa na jingine, sikulipata.

Mgeni mmoja, mama mnene mwenye koti jekundu, alikuwa amekwisha kumega chake. Nilimwomba. Alinipa bila kuuliza, akafuta vidole vyake kwenye suruali.

"Ukishuka, fimbo inabaki," Muthamia akasema.

Niliiweka juu ya boneti ya gari.

"Na usije kesho kuniomba gunia."

"Sawa."

"Mwalimu!" Mithika aliita nyuma yangu. Nilidhani atanitania. "Funika hivyo vifurushi. Inanyesha."

Ilikuwa kweli inanyesha. Niliweka vifurushi ndani ya shati nikatembea.

Ibada ilikuwa inakwisha nilipofika, watu wameanza kutoka barabarani na miavuli yao. Mzee Ishmael alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya paa la nyumba, amevaa koti la kanisani na kofia, ingawa hakuwa amekwenda kanisani. Hakunikaribisha. Nilisimama mvuani.

"Asubuhi ulikuja kwangu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ukakuta chakula cha mzazi kwenye moto."

"Ndiyo."

"Ukakichukua chote, ukaenda kutembeza watu."

"Sikujua, Mzee."

"Hakujua!" Aliuambia ukuta wa nyumba, kwa sauti, ili wa ndani wasikie. "Mama Karimi, njoo umsikie huyu. Alikaa jikoni kwako akafunga njahi kwa majani kama mtu wa sokoni, na hakujua."

Jedidah alitokea mlangoni mwa jikoni.

"Mimi nitakueleza ambayo hukujua," mzee akaendelea. "Kianjokoma hakuna ushonaji. Nilimpeleka kule tumbo lisionekane. Mama yake mdogo alimuuliza ni la nani, akanyamaza. Mchungaji alimuuliza, akanyamaza. Mimi nilimuuliza kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Akanyamaza. Juzi tukamleta nyumbani azalie hapa. Jana mtoto alipolia, nilisimama mlangoni nikamuuliza mara ya mwisho. Akataja mtu. Unajua alimtaja nani?"

"Hapana, Mzee."

"Alikutaja wewe."

Maji yalikuwa yanaingia kwenye kola yangu yakishuka mgongoni. Niliyafuata yalivyoshuka.

"Leo asubuhi nilikuwa navaa koti hili niende kuwatafuta watu wenu," mzee akasema. "Mama Karimi akaniambia umekuja mwenyewe. Moyo wangu ukatua. Nikasema, hata kama ni mwizi, ni mwizi mwenye miguu ya kurudi. Kumbe ulikuja kuchukua chakula cha mwanamke wako ukauze kwa wageni. Mama Karimi alikusukumia chungu akadhani utaona aibu. Ukamwambia amina!"

Ndani ya nyumba mtoto alikohoa. Ni sauti ndogo, kama ya mtu anayetaka kusema akakosa la kusema.

"Sasa nitakuuliza mara moja tu," Ishmael akasema. "Mtoto ni wako au si wako? Ukisema hapana, leo hii atarudi Kianjokoma na mtoto wake, na mimi nitakuwa mtu asiye na binti. Nimeapa mbele ya mama yake. Ukisema ndiyo, basi wewe ni punda. Lakini ni punda wetu."

Dirisha lilikuwa na pazia la maua, na pembeni mwa pazia kulikuwa na vidole vinne. Vidole tu. Uso sikuuona.

Mimi ni mtu niliyekataa kumwambia mwalimu mkuu neno moja, samahani, nikapoteza kazi. Sijawahi kubeba kosa la mtu mwingine. Kusema ndiyo ni kubeba mtoto wa mwanamume ambaye sijui hata sura yake, na kutembea naye mtaa mzima, na Salesio akicheka, na Mithika akinihurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Kusema hapana ni kusema kweli. Neno ni fupi. Lilikuwa tayari mdomoni.

Vidole havikusogea.

"Sema," mzee akasema.

"Amekula?" nikauliza.

"Nini?"

"Karimi. Tangu asubuhi. Amekula kitu?"

Ishmael alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya watu wengine. Nikafungua shati nikatoa vifurushi, kimoja kimoja, kile kilichomegwa nikakiweka juu. Vilikuwa vimepoa, lakini mvua haikuviingia. Niliona jikoni moto bado unawaka.

"Vinahitaji kupashwa," nikasema.

Jedidah alivuka ua. Alivipokea vifurushi kwa mikono miwili, akavikumbatia, akanitazama, safari hii usoni. Nikafikiri atanitemea mate.

Alirusha kichwa nyuma akapiga vigelegele.

Hujasikia vigelegele vya mwanamke aliyevizuia. Mtoto alizaliwa katika boma lile na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mtoto asiye na wa kumtaja hupokelewa kimya, kama mzigo unaoletwa na mtu asiyesimama. Jedidah alikuwa amevimeza tangu jana. Sasa vilitoka vyote, virefu, vikapanda juu ya mashamba ya chai.

"Mama," nikasema. "Mama, ngoja."

Hakusikia; kwake vifurushi vile vilikuwa ndiyo yangu. Ng'ambo ya barabara mwanamke wa boma la pili, bado na Biblia mkononi, alisimama. Akauliza kitu kwa Kimeru, akajibiwa, akaitupa miavuli ya wanawe majanini akapiga vyake. Wa chini yake akampokea. Watu waliotoka kanisani wakaanza kukatisha kuja kwetu, wanacheka, wanaita, "Kwa Ishmael! Ni kwa Ishmael! Ni nani, ni nani?" Na nikasikia jina langu likipita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, likipanda barabara kuelekea mjini.

Mzee Ishmael aliinuka kutoka kwenye benchi. Akavua kofia. Akatoka chini ya paa akaingia mvuani nilipokuwa, akanyoosha mkono.

Niliutazama ule mkono.

Nilitazama dirishani. Pazia lilikuwa limetulia. Vidole havikuwepo tena.

Bado nilikuwa sijajibu.